Maneno ya Chunguni: Lugha ya Upishi wa Nyumbani katika Televisheni, Korea na Machakos

Tangu Januari 2011, shirika la utangazaji la umma la Korea Kusini, KBS, limekuwa likionyesha kipindi cha kila juma kiitwacho Hangugin-ui Bapsang, yaani "Meza ya Chakula ya Wakorea". Kwa muda wa miaka kumi na minne kipindi hicho kiliongozwa na mwigizaji Choi Bul-am, aliyezaliwa mwaka 1940, na mwaka 2025 kikarithiwa na mwigizaji mwingine, Choi Soo-jong. Atazamaye juu juu atadhani kuwa hiki ni kipindi cha mapishi kama vilivyo vingine. Makala haya yanakihakiki kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa lugha, na kipimo kinachotumiwa ni chungu cha muthokoi cha Machakos. Linalotafutwa si kama Wakorea hupika vizuri. Linalotafutwa ni kujua upishi wa Mkamba ungesemwa kwa maneno gani iwapo kamera ya televisheni ya umma ingeingia jikoni mwake na kukaa.

Sifa kubwa ya kipindi cha Korea ni kwamba kiongozi wake hapiki. Huenda kijijini, akaketi, akala, akauliza, na zaidi ya yote akasikiliza. Wapishi ni wenyeji, aghalabu wanawake wazee, nao hutaja vitendo vyao wenyewe. Choi Bul-am alikuwa na sifa ya kipekee kwa kazi hiyo. Kati ya mwaka 1980 na 2002 aliigiza baba wa familia ya mashambani katika mchezo mrefu wa televisheni uitwao Jeonwon Ilgi, kwa hiyo alipofika kwenye nyumba ya mkulima alipokelewa kama mzee wa ukoo na si kama mtangazaji kutoka Seoul. Mwanamke mzee huitwa eomeoni, mama, naye hujibu kama mama. Machakos neno lake lingekuwa mwaitu. Si adabu tupu hiyo: jina la ukoo ndilo linaloamua mazungumzo yatakuwa ya namna gani, kwa kuwa anayeitwa "mpishi wetu wa leo" hujiona yu mtihanini, ilhali anayeitwa mwaitu yu kwake.

Jina lenyewe la kipindi linastahili kutazamwa na wanaisimu. Bap ni wali, na ni mlo pia. Mpunga ulio shambani ni byeo, na mchele ni ssal. Mzungumzaji wa Kiswahili hana la kushangaa hapo, maana mpunga, mchele na wali ni hatua tatu za kitu kimoja zilizopewa majina matatu. Lugha hugawanya vizuri kile ambacho wenyewe wamekihangaikia. Sasa na itazamwe Machakos. Mahindi ni mbemba. Yakichemshwa na maharagwe bila kutolewa maganda, ni isyo. Yakilowekwa kidogo, yakatwangwa kinuni hadi maganda yatoke, yakapetwa, basi ni muthokoi. Na jina hilo hubaki nayo yanapokuwa makavu ghalani na yanapokuwa tayari sahanini pamoja na nzuu, yaani mbaazi, au nthooko, yaani kunde. Hata aina ya mbegu imepata jina la mahali: Katumani ni kituo cha utafiti karibu na mji wa Machakos, na kwa mkulima ni mahindi yanayokomaa mapema kabla mvua haijakata.

Katika Kiswahili cha Kenya, isyo imekwisha kumezwa na neno githeri lililotoka Kikuyu, kama vile Tanzania watu husema makande. Muthokoi limesalia, kwa sababu hakuna neno jingine la kulisukuma. Hilo ni jambo la heri, lakini ni nomino tu iliyosalia.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri. Upishi hukaa katika vitenzi. Kiswahili chenyewe ni tajiri mno katika uwanja huu: kutwanga si kuponda, na kuponda si kusaga, nafaka hukobolewa, hupepetwa, huchambuliwa, chungu huinjikwa au huteleka, na kikiiva huepuliwa, ugali husongwa, mboga huungwa, makaa hupaliwa. Kamusi za Kiswahili sanifu zimeyahifadhi maneno haya yote. Lakini lugha ya upishi wa studio, ile inayotumiwa mbele ya jiko la gesi na vibakuli vya kioo vilivyokwisha kupangwa, huelekea kuyafuta yote na kuacha kitenzi kimoja tu, kuweka. Unaweka mafuta, unaweka vitunguu, halafu unaweka nyanya. Si kwamba msemaji hajui Kiswahili. Ni kwamba kazi yenyewe imekwisha kufanywa nje ya kamera na watu wengine, na pasipo kitendo kitenzi hakina pa kusimama. Mtu hawezi kusema "ninapeta" ilhali hana ungo mkononi.

Wakorea wameliepuka hilo kwa kuitoa kamera studioni. Katika milima ya mkoa wa Gangwon, ambako mpunga ulikuwa haba, watu walikula mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe, chakula ambacho mama wa Machakos angekitambua kabla hajaambiwa. Mahindi huitwa oksusu katika Kikorea sanifu, lakini watu wa Gangwon husema gangnaengi. Huko huko kuna tambi za mahindi ziitwazo olchaengi-guksu, tambi za viluwiluwi, kwa sababu ya umbo lake fupi zinapodondokea kwenye maji. Mtafsiri wa lugha sanifu angesema "tambi za mahindi" akapita, na kicheko cha kijiji kizima kingepotea. Thamani ya kipindi ni kuyaacha majina kama hayo midomoni mwa wenyewe. Umuhimu wake ni mkubwa zaidi kisiwani Jeju, ambako usemi wa wenyeji ulihesabiwa na UNESCO mwaka 2010 kuwa miongoni mwa lugha zilizo karibu kabisa na kutoweka.

Hata hivyo kipindi hiki kina udhaifu, nao ni utamu uliopita kiasi. Wakorea wana neno boritgogae, "mlima wa shayiri", lililotaja njaa ya majira ya kuchipua, mchele wa mwaka uliopita umekwisha na shayiri haijaiva. Vyakula vingi vya mashambani vilizaliwa katika majuma hayo: majani ya porini, mizizi, nafaka zilizochanganywa ili zijaze tumbo. Kipindi hakifichi jambo hilo, lakini mara nyingi hulifunika kwa muziki wa taratibu na sauti ya upole, hata dhiki ikawa kama kiungo kimoja cha mchuzi. Ukambani lugha ni kali zaidi. Njaa hupewa majina, na jina la ile ya mwaka 1984, Nikw'a Ngwete, ni sentensi nzima ya mtu anayekufa huku ameshika: fedha zipo mkononi, chakula cha kununua hakipo. Chakula cha msaada nacho kina neno lake, mwolyo. Mtangazaji atakayepeleka kamera Machakos akaonyesha muthokoi pasipo kuuliza ulipikwaje mwaka 1984, au ulikosekanaje, atakuwa ameonyesha nusu ya chungu.

Si kwamba Kenya imelala. Mwaka 1999 Patrick Maundu na wenzake, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitoa kitabu kikubwa cha mimea ya vyakula vya asili, chenye majina ya mimea katika lugha za nchi. Baadaye vyakula vya Waisukha wa Kakamega vilikusanywa pamoja na watoto wa shule, na mwaka 2021 UNESCO ikaiandika juhudi ya Kenya katika rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Kazi hizi ni za kusifiwa. Lakini kitabu huhifadhi jina la mmea vizuri kuliko kinavyohifadhi mwendo wa mkono na neno linalofuatana nao. Hiyo ni kazi ya picha na sauti.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Ikaitwa Sauti ya Kenya kuanzia 1964, na KBC tena kuanzia 1989. Kwa desturi Kiswahili na Kiingereza vimepewa televisheni, na Kikamba na lugha nyingine za nchi zimepewa redio. Mgawanyo huo una sababu zake za gharama na za siasa ya umoja, lakini Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze matumizi ya lugha za wenyeji, wala haisemi kwamba redio yatosha. Tena Kiswahili hakingepoteza kitu. Mwaitu angesema Kikamba, maandishi ya Kiswahili yakapita chini ya picha, na mwandishi wa maandishi hayo angelazimika kuvitafuta vitenzi vyake vilivyolala kamusini, kwa kuwa "anaweka" lisingemfaa mbele ya mwanamke anayetwanga.

Muda ndio ulio mfupi. Mashine za kukoboa ziko masokoni, na muthokoi huuzwa umekwisha kufungwa katika mifuko. Hakuna wa kulaumiwa, maana kinu ni kazi ngumu na wanawake waliokiacha wana haki ya kupumzika. Ila wale waliotwanga tangu utotoni, na wanaojua kila hatua inavyoitwa, sasa ni wazee, na kamera ingepaswa kuanza kwao.