Jembe la Siku ya Tatu: Siku za Kwanza Ugenini katika Maandishi ya Safari

Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" imezoea kufasiriwa kwa njia moja tu, ya kuwa ni onyo kwa mgeni asiyejua kuaga. Hivyo ndivyo ifundishwavyo madarasani, na hivyo ndivyo wengi wetu tuliisikia kwa wazee. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba methali hii ina maana ya pili, na kwamba maana hiyo yaweza kutufaa kuwa kipimo cha maandishi ambayo mpaka sasa tumeyasoma zaidi kwa ajili ya lugha yake kuliko kwa ajili ya yaliyomo: nayo ni habari za mtu aliyekwenda nchi ya kigeni akakaa katika nyumba ya watu wasio wake.

Tutazame hali ya mgeni katika siku zile mbili. Ametandikiwa mkeka, analetewa kitoweo kilicho bora, na watoto wanafukuzwa wasimsumbue. Haulizwi neno zito, wala yeye haulizi. Heshima aliyopewa ni kubwa, lakini heshima hiyo ndiyo ukuta. Hajui maji yanatoka kisima gani, wala nani ndani ya nyumba hasemi na nani. Siku ya tatu akipewa jembe hapungukiwi na heshima, bali amepewa mahali. Sasa aweza kukosea akachekwa, na mwenye kuchekwa ndani ya nyumba si mgeni tena. Kinyume chake, mtu aliyenyimwa jembe hubaki mgeni hata akikaa mwaka mzima.

Mimi sikujifunza haya kitabuni. Nilipokuwa kijana nilipelekwa masomoni Ujerumani, nikapangiwa kukaa na mzee mmoja na mkewe katika mji mdogo. Siku mbili za kwanza kila nilipoinuka kushika sahani niliashiriwa niketi. Nilisimama nje ya mlango wa jiko uliofungwa nisijue la kufanya, kwa maana hodi yetu ni sauti na hungoja sauti imjibu, na pale hapakuwa na neno la kuita wala la kuitikia. Siku ya tatu yule mama alinisukumia beseni la viazi na kisu kidogo, asiseme kitu. Nikamenya, tena nikamenya vibaya, naye akacheka. Barua mbili nilizokwisha kuandika kabla ya siku ile zilikuwa habari za treni na majumba. Barua ya usiku ule ilikuwa habari ya watu. Baadaye niliambiwa kwamba mama yangu, aliposomewa ile ya tatu, alisema, "Sasa amefika."

Basi swali ninalouliza maandishi ya safari ni hilo la mama: je, mwandishi amefika? Na kama hakufika, ni nani aliyemzuia mlangoni?

Nathari ya safari katika Kiswahili ina mzizi ulio wazi. Mwaka 1894 kilitoka kitabu cha C. G. Büttner, Anthologie aus der Suaheli-Litteratur, ambacho ndani yake mna habari za Amur bin Nasur, mtu wa Unguja aliyefundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki huko Berlin tangu mwaka 1891. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa Safari za Wasuaheli mjini Göttingen. Humo mna safari ya Selim bin Abakari, Mngazija, aliyemfuata Dr. Bumiller mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia. Mwaka 1965 Lyndon Harries aliyarudisha mengi ya maandishi ya Velten mbele ya wasomi katika Swahili Prose Texts, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Msomaji wa Selim hupata raha ya kweli. Sentensi zake ni fupi, hazina mapambo, na hatua za njia zinafuatana kwa tarehe: mji hata mji, gari la moshi hata meli ya mtoni. Lakini tukipima kwa jembe twaona jambo la ajabu. Selim alikuwa mtumishi, na mtumishi hupewa jembe siku ya kwanza. Hakuwa na zile siku mbili za mkeka. Nyumba waliyoshukia ilikuwa ya mwenyeji wa bwana wake, na yeye aliingia pamoja na mizigo. Kwa hiyo katika habari yake njia imeishinda nyumba, wala si kwa kuwa Selim hakuwa na macho. Alikuwa na macho makali. Ila mahali aliposimama hapakuwa na jina katika desturi ya ugeni: si mgeni, si mwenyeji, si msafiri aliye huru kukaa au kuondoka.

Amur alikuwa na cheo kingine. Yeye aliitwa kwa kazi ya elimu, na jembe lake lilikuwa lugha yake mwenyewe. Hata hivyo maandishi yake yana shida ambayo hatuwezi kuipuuza. Aliandika akiwa angali mezani kwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye aliyekusanya karatasi zake, akazipanga na kuzichapisha ili wanafunzi wa Kijerumani wajifunzie lugha. Mgeni anayeulizwa na mwenye nyumba, "Je, umeionaje nyumba yangu?" hana majibu mengi. Atasifu ukubwa wa majengo, atataja baridi kwa kuwa baridi haina mwenyewe, kisha atanyamaza. Tukisoma sifa hizo kama kwamba ni maoni yote ya mtu, tunakosea usomaji. Ni maneno ya siku ya kwanza na ya pili, yaliyosemwa kwa adabu.

Mfano wa Martin Kayamba watuonyesha kwamba jambo hili halikwisha pamoja na Wajerumani. Kayamba alikwenda London mwaka 1931 pamoja na wajumbe wenzake wawili kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1932 kitabu chake kikachapishwa kwa jina la Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Jina hilo lenyewe lastahili kuhakikiwa. Mna vitendo viwili, kuona na kufanya, navyo vyote viwili ni vya mjumbe. Kitendo cha tatu, yaani kukaa, hakimo. Hata kiambishi cha nafsi ni cha wengi, maana mjumbe hasemi kwa niaba ya tumbo lake wala usingizi wake. Sisemi kwamba ni kosa. Nasema kwamba twaonyeshwa mapema tusitafute ndani ya kitabu kile kitu ambacho mwandishi hakuahidi.

Sasa natuyalinganishe haya na maandishi ya mtu ambaye hakuandika kwa Kiswahili, lakini Kiswahili kilikuwa lugha ya utoto wake. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, aliondoka kwao mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara Rudolph Heinrich Ruete, akaenda kukaa naye Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Kitabu chake mashuhuri, Memoiren einer arabischen Prinzessin, kilitoka mwaka 1886, na sehemu yake kubwa ni habari za Unguja. Humo Salme ni mwenyeji: anawafungulia Wazungu mlango wa nyumba ya baba yake na kuwasahihisha yale waliyoyadhani. Lakini aliacha pia barua alizoziandika kama kwamba anamwandikia rafiki aliyebaki nyumbani, nazo hazikuchapishwa katika uhai wake. Alifariki mwaka 1924, na barua zikawafikia wasomaji kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1993.

Katika barua hizo ndipo tunapoikuta nyumba. Mumewe anatoka kwenda kazini, naye anabaki na watumishi asioweza kusema nao. Upweke wake si wa mtu aliyetupwa, bali ni wa mtu anayehudumiwa. Kila kazi ina mwenyewe, wala hakuna aliyempa kisu wala viazi. Salme ndiye mgeni aliyenyimwa jembe, na kwa hiyo siku zake mbili za kwanza zikawa ndefu mno. Angalia pia wakati wa kuchapishwa: kitabu cha Unguja kilitoka yeye akiwa hai Ujerumani, na barua za Hamburg zikatoka baada ya kufa kwake. Kila nyumba ilielezwa kwa watu wakati mwandishi alipokuwa mbali nayo. Jambo hilo halikutukia kwa bahati tu. Ndiyo sheria ya mgeni.

Mtu atanipinga kwa kusema kwamba kunyamaza huko ni adabu yetu, kwamba aliyekula chumvi ya watu hatangazi ya chumbani mwao, na kwamba kumdai mgeni atoe siri ni kumfundisha utovu wa adabu. Pingamizi hili ni zito, nami nalikubali nusu. Siri za watu si mali ya mwandishi. Lakini mwandishi ana siri moja iliyo mali yake, nayo ni hali yake mwenyewe: njaa aliyoificha, neno alilolikosea, mlango aliousimamia. Nyumba ya mwenyeji yaweza kuelezwa kwa uaminifu kupitia aibu ya mgeni bila kumvunjia mwenyeji heshima. Salme aliweza. Selim na Amur hatujui kama wangeweza, kwa maana hawakuulizwa.

Iko pia hasara iliyo kubwa kuliko ya fasihi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha, na mwaka 1903 Velten akatoa Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho kazi ya Mtoro ndiyo nguzo yake. Ni kitabu cha mwenyeji aliyekaribisha watu mpaka uani. Lakini hakuna aliyemwomba Mtoro aandike desturi za Wadachi, ambao alikaa kwao na kumwoa binti yao. Mwaka 1905 alipojaribu kurudi pwani pamoja na mkewe, serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka, wakarudi Ujerumani, naye akafa Berlin mwaka 1927. Yeye aliyewaeleza wageni namna ya kupiga hodi kwetu, alipiga hodi mlangoni pa kwao asiitikiwe. Sura hiyo ya maisha yake twaijua kwa kazi ya wanahistoria. Kama angalikuwa na mahali pa kuiandika kwa Kiswahili chake, nathari yetu ingalikuwa na kitabu ambacho leo tunakikosa.

Kwa sababu hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, tunapofundisha maandishi ya Büttner na Velten tusiishie kwenye sarufi na msamiati. Tumwulize mwanafunzi: mwandishi huyu alikaa wapi, alikula kwa nani, nani alishika karatasi yake? Pili, vijana wetu wanaokwenda masomoni ng'ambo na kukaa na familia za wenyeji, na wale wanaokuja kwetu kujifunza Kiswahili wakakaa katika nyumba zetu, waandike mara mbili: mara moja katika siku ya pili, na mara moja baada ya jembe. Tofauti ya karatasi hizo mbili itatufundisha juu ya ugeni zaidi ya maelezo mengi ya majumba, na huenda ndani ya ile ya pili tukaipata nathari tuliyoingoja tangu siku za Selim.