Aliyewasikiliza Wazee wa Umatumbi

Vita vya Maji Maji, vya Waafrika dhidi ya utawala wa Wajerumani, viliandikwa kwanza na Wajerumani walioshinda. Ndiyo maana nampongeza Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyepanda vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, miaka ya 1960, akaketi na wazee walioshuhudia vita hivyo vilipoanza 1905. Wakamsimulia habari za Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa. Za njwiywila, ujumbe uliopenyezwa kwa siri sikio hadi sikio. Na za pamba iliyong'olewa Nandete kuwa tangazo la vita. Mambo ya mizimu na dawa hakuyacheka. Aliyapima kwa umakini uleule ambao wengine huupimia barua za gavana, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Kijitabu cha kumbukumbu za vita alikihariri pamoja na John Iliffe. Tasnifu yake ikafuata mwaka 1973. Tamthiliya ya Ebrahim Hussein kuhusu vita hivyohivyo, Kinjeketile, ya 1969, inajulikana zaidi, na inastahili. Lakini mwalimu wa historia kule Kilwa ningemshauri aanze na Gwassa, maana kwake wazee wanasema wenyewe, hata pale wanapopingana.