Muulize Kinyozi

Mgeni anaingia mtaani akimtafuta fundi cherehani. Muuza mkaa anamwambia, "Muulize kinyozi." Kinyozi, ambaye naye habari za huyo fundi alizipata juzi kwa muuza mkaa, anamrudisha kule kule. Hakuna aliyesema uongo, lakini mgeni atazunguka mpaka Isha.

Vifaa vya mtandao usio na waya hufanyiana hivyo hivyo. Katika itifaki ya AODV, iliyochapishwa mwaka 2003, hakuna kifaa chenye ramani. Kila kimoja huuliza majirani, kisha huandika jirani wa kupitia, idadi ya hatua, na namba inayoonyesha upya wa habari. Namba hiyo ndiyo iliyoaminiwa kuzuia mzunguko.

Katika maabara ya NICTA huko Kensington, Sydney, Rob van Glabbeek, Peter Höfner na wenzao hawakutosheka na imani. Mwaka 2012 walitoa AWN, aljebra ambamo kutangazia majirani wote kuna alama yake, kumtumia mmoja kuna yake, na ujumbe usipofika nako kumewekewa njia. Wakaisoma itifaki kama kadhi asomavyo wosia: neno hili lina maana gani, na likigongana na lile la mbele? Wakapata tafsiri zaidi ya 5,000. Mimi ningeshindwa kwenye ya kumi.

Ninachokipenda zaidi ni hoja yao ya kuthibitisha kwamba hakuna mzunguko, ambayo kwa ufupi ni hii: fuata njia kifaa kwa kifaa, na upya wa habari haupungui kamwe, na ukibaki ule ule, hatua zilizosalia lazima zipungue. Ukienda hivyo, huwezi kujikuta tena ulipoanzia.

Lakini si kila tafsiri hubeba hoja hiyo. Kifaa kikiarifiwa kwamba njia imekatika, kinakili namba iliyomo kwenye taarifa, hata kama ni ndogo kuliko yake? Kikinakili, habari iliyochakaa hupata nafasi ya kukubalika, na kinyozi na muuza mkaa wanaanza tena kurushiana mgeni. Mwaka 2013 walichapisha hukumu: namba peke yake haitoshi.

Mwaka uliofuata, Timothy Bourke na wenzake waliuandika uthibitisho upya ndani ya Isabelle, programu isiyopokea "ni dhahiri" kutoka kwa profesa yeyote. Badilisha kipengele kimoja cha itifaki, nayo itakuonyesha mstari ulioanguka.