Silinda nne, plagi nane: Alfa Romeo ya mwaka 1997 kwenye hewa ya Bagamoyo

Picha zilikuwa sita, zote za gari moja: Alfa Romeo Spider ya mwaka 1997, nyekundu, turubai jeusi, injini ya 2.0 Twin Spark, kilomita 61,000 kwenye dashibodi. Gari liko Japani, linasubiri mnunuzi. Aliyenitumia ni kijana mwenye nyumba ya wageni pale Bagamoyo, umbali wa kurusha jiwe kutoka ufukweni, na chini ya picha ya sita aliandika: "Kaka, hii si bure kabisa?" Kweli bei ilikuwa ya kushangaza. Kuna Toyota IST zilizochoka pale Tegeta zinazouzwa zaidi ya hapo.

Nilimwomba siku mbili nipige hesabu.

Kwanza tujue kwa nini ni rahisi. Japani gari la petroli likishafika miaka 13, kodi yake ya mwaka hupanda, na ukaguzi wa lazima huzidi kuuma kadiri vitu vya kubadilisha vinavyoongezeka. Mwenye gari anaona afadhali alitoe. Huku kwetu linapokelewa na sheria inayohesabu miaka vilevile. Tuchukue thamani ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini kuwa 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, tunafika 125. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, na asilimia 30 nyingine kwa sababu gari limepita miaka 10. Asilimia 35 ya 125 ni 43.75. Sasa tuko 168.75, na VAT ya asilimia 18 inatufikisha karibu 199. Yaani kodi peke yake ni gari la pili, bado ada za bandari, wakala na usajili. Gari la injini hiyohiyo lenye umri chini ya miaka minane lingeishia 155. Hizo 44 zilizobaki ni faini ya uzee. Na hiyo 100 yenyewe si lazima iwe ile iliyo kwenye risiti ya kijana. Mamlaka ya mapato, TRA, ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika.

Lakini sheria ikishavuka miaka 10 haihesabu tena. Gari la miaka 11 na la miaka 40 ni sawa mbele ya forodha. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndilo lililobadili ushauri wangu.

Kijana aliziamini sana zile kilomita 61,000. Mimi ndizo zilizonitia wasiwasi. Injini hii ya Twin Spark ina vali 16, na kemshafti zake mbili huzungushwa na mkanda wa mpira. Mkanda ukikatika, au ukiruka meno machache tu, pistoni hupanda na kuzikuta vali zimefunguka, zinapinda zote, na kichwa cha injini kinashuka chini siku hiyohiyo. Ratiba ya mwanzo iliruhusu mkanda ufike kilomita 120,000. Mikanda ikawa inakatika kabla, na wanaozijua Alfa wakajifunza kuibadilisha kila kilomita 60,000 au kila baada ya miaka mitano, hata kama gari limelala tu. Mpira hauzeeshwi na mwendo peke yake. Gari lililotembea kilomita 61,000 kwa karibu miaka thelathini limekaa zaidi ya kutembea, na kama mkanda wake ni ule wa kiwandani, siku ya kuliwasha pale bandarini ndiyo inaweza kuwa siku ya kuliua. Nilimwambia lisiwashwe hata kulitoa bandarini. Livutwe.

Na atakayeubadilisha mkanda ni nani? Mafundi wetu wa pwani ni hodari wa kuweka alama za tipeksi kwenye puli kabla ya kufungua, na kwa Toyota nyingi hilo linatosha. Kwa injini hii halitoshi. Kemshafti hushikiliwa kwa vibao maalumu vya chuma vilivyokatwa kwa umbo lake, na kimo cha pistoni namba moja hupimwa kwa geji kupitia tundu la plagi. Tundu lipi? Silinda ni nne lakini plagi ni nane, kubwa na ndogo, mbili kwa kila silinda. Nimewahi kumwona fundi mzuri kabisa akifungua kifuniko cha injini ya namna hii, akaduwaa, akakirudisha taratibu kama aliyefungua mlango wa chumba cha watu. Huyo alikuwa na busara. Wa kuogopwa ni yule anayesema "zote injini tu".

Pampu ya maji nayo inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo hubadilishwa pamoja nao. Hapo tunaingia kwenye tabia mbili za gereji zetu ambazo kwenye injini hii ni sumu. Ya kwanza ni kutoa themostati kwa hoja kwamba huku kuna joto. Ikitolewa, maji hupita kwenye rejeta bila kupangiwa, injini haifiki joto lake la kazi, inakula mafuta na inajisaga mapema. Ya pili ni kujaza maji ya kisima. Visima vingi vya ukanda huu, kuanzia Mapinga na Kerege mpaka mjini, vina ladha ya chumvi. Mama akipikia chai unaisikia. Kichwa cha injini hii ni cha aluminiamu, na maji ya namna hiyo hukitoboa polepole kutoka ndani. Kulenti sahihi pamoja na maji yaliyochujwa chumvi ni gharama ndogo kuliko gharama zote nitakazozitaja humu.

Nje nako kuna chumvi. Anayeijua Bagamoyo anajua kwamba kaskazi ikivuma dirisha la nyumba ya ufukweni linashika utando mweupe, na mashamba ya chumvi ya Nunge hayako mbali. Dawa ya kienyeji ni kupulizia oili chafu chini ya gari. Chuma kitashukuru kwa muda, lakini oili hulainisha na kuvimbisha mpira, na chini ya Spider kuna bushi nyingi za mpira. Utaokoa bati uue miguu. Tena magari ya Kiitaliano yana sifa mbaya ya umeme, na nionavyo mimi nusu ya sifa hiyo ni athi tu: waya unafungwa kwenye bodi, kutu inaingia katikati, taa zinaanza kupepesa na feni inagoma. Ukizifungua athi zote, ukazisugua, ukazipaka grisi kabla gari halijalala usiku wa kwanza Bagamoyo, umekwepa mizimu mingi.

Wenye majahazi pale ufukweni wanalielewa hili kuliko wenye magari. Hawasubiri maji yaingie. Chombo hupandishwa mchangani wakati wa bamvua, maji yakitoka kinakwanguliwa, kalafati inagongwa upya kwenye nyufa, chini kinapakwa deheni ya chokaa na mafuta, na gharama hiyo imo kwenye hesabu ya mwaka hata kama chombo hakivuji tone. Nilimuuliza kijana: una fungu la deheni? Akacheka. Hakuwa nalo, fedha yote ilikuwa imewekwa kwenye bei ya kununulia.

Mambo ya barabara nitayapitia haraka. Spider hii iko chini na sampu yake ni ya aluminiamu, haipindi bali hupasuka. Kati ya Bunju na Bagamoyo kuna matuta ya kutosha kuipasua mara mbili kwenda na mara mbili kurudi. Bamba la chuma chini ya sampu, basi. Picha ya tatu inaonyesha usukani uko kushoto, jambo la kawaida kwa magari ya Kiitaliano yaliyouzwa Japani. Suala la usajili aliulize kabla ya kutuma hata senti. Lakini hata likisajiliwa, kulipita lori la saruji linalotoka Wazo Hill ukiwa umekaa upande wa kushoto, chini kabisa, huoni mbele mpaka gari zima limeshatoka nje.

Watu hupenda kusema gari la Kiitaliano haliwezi Afrika. Mbona bajaji inaweza? Ile inayobeba wageni wa kijana kutoka stendi hadi mlangoni kwake ina ukoo na Piaggio Ape, chombo cha magurudumu matatu kilichotoka Italia mwaka 1948. Bajaj wa India walianza kwa leseni ya Piaggio. Inadumu Bagamoyo kwa sababu spea zake zinauzwa dukani karibu na vocha, na kila kijana wa tatu anaweza kuifungua. Mashindano ya magari ya Safari yanasema hivyohivyo. Bert Shankland, aliyeishi Dar es Salaam, aliyashinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari lililokuwa kila mji wa Afrika Mashariki pamoja na vipuri vyake. Lancia wa Italia walikuja na kasi kubwa zaidi: mwaka 1974 Sandro Munari akawa wa tatu kwa Fulvia, mwaka 1975 Stratos mbili zikashika nafasi ya pili na ya tatu. Ushindi ulichelewa hadi mwaka 1988, Miki Biasion alipoileta Delta Integrale, akarudia 1989, kisha Juha Kankkunen 1991. Gari lilikuwa bora, sikatai. Lakini nyuma yake lilifuatwa na magari ya mafundi, tairi kwa mamia na helikopta angani. Walihamishia karakana porini.

Kijana hana helikopta. Anaweza kuwa na sanduku.

Nikampa mapendekezo, moja ambalo hakulitarajia. Kama moyo wake uko kwenye Spider, atafute ile ya zamani, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1966 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kodi ni ileile kwa sababu miaka 10 imeshapita. Injini yake huzungusha kemshafti kwa cheni, si mkanda. Zilizo na kabureta zinaweza kufunguliwa na mzee yeyote aliyekua na Peugeot 504, na wazee hao bado wapo. Vipuri vyake vinatengenezwa upya na kuuzwa Ulaya na Marekani kwa sababu wapenzi wake hawajaisha. Ubaya wake ni kutu: sakafu na vizingiti vya milango huliwa kutoka ndani, na rangi nzuri huficha yote. Picha sita hazitoshi. Amlipe mtu aliyeko hukohuko liliko gari alipandishe juu, alipige picha kwa chini, agonge vizingiti kwa mpini wa bisibisi na kumrekodia sauti.

Kama ni hii nyekundu tu, basi meli ileile iliyobeba gari ibebe na sanduku: mikanda miwili, ule mkuu na ule mfupi wa shafti za kusawazisha mtetemo, roli zake, pampu ya maji, themostati, plagi zote nane, sampu ya akiba na vile vibao vya kemshafti. Injini za familia hii zilifungwa pia kwenye Alfa 156 na ndugu zake, kwa hiyo Ulaya vitu hivyo bado vinapatikana. Akikosa fedha ya sanduku, fedha ya gari hana.

Alinijibu jioni. Hakuuliza habari za mkanda wala kutu. Alituma picha ya saba, banda la makuti nyuma ya nyumba, upande wa barabara, mbali na upepo wa bahari, akauliza kama sakafu ya saruji ya inchi nne inatosha kuwekea jeki.