Tarakimu tisa zinazofungua betri

Nyumba iliyo mbali na nguzo za TANESCO katika kata kama Bugomora, wilayani Kyerwa, mara nyingi hupata umeme wake kwenye kisanduku kimoja: betri, kontrola, matundu ya kuchomeka taa na simu, na waya unaopanda hadi kwenye paneli juu ya bati. Wachache wana fedha ya kukinunua kwa mkupuo. Wengine hukikopa, hulipa kidogo kidogo kwa simu, na kila wakilipa hupokea ujumbe wenye tokeni, yaani tarakimu za kuingiza kwa vitufe. Siku zikiisha kabla ya malipo mengine, kontrola inakata umeme wa taa hata kama betri imejaa pomoni.

Katika kisanduku hicho, kipande cha programu kinachoamua lini swichi ya MOSFET ifunguke na lini ijifunge ndicho draiva ya ile akiba ya umeme. Kwa miaka mingi sehemu ya draiva hiyo inayosoma tokeni ilikuwa siri ya biashara. Kila kampuni ilikuwa na fomula yake, kila kiwanda kililazimika kuiandika upya au kulipia leseni, na kisanduku kilichotoka kiwandani kikawa kimefungwa kwa seva ya kampuni moja tu. Mwaka 2019 Mobisol, iliyokuwa na wateja Tanzania, Rwanda na Kenya, iliingia kwenye taratibu za ufilisi kule Ujerumani kabla ya kununuliwa na Engie. Safari hiyo mnunuzi alipatikana. Asingepatikana, ni nani angetoa tokeni kwa mtu aliyebakiza malipo ya miezi minne?

Ndiyo maana kazi ya Solaris Offgrid inastahili kuchambuliwa kwa kina. Hiyo ni kampuni iliyouza mifumo ya sola ya kulipa kidogo kidogo hapa Tanzania, kisha ikageukia zaidi teknolojia. Ikisaidiwa na fedha za taasisi ya EnAccess, ilichukua mfumo wake wa tokeni, ikaupa jina la OpenPAYGO Token, na kuuweka hadharani kama programu huria: upande wa seva, upande wa kifaa, na maelezo ya jinsi pande hizo zinavyoelewana. Kiwanda chochote kinaweza kuuchukua na kuuweka kwenye kontrola yake bila kumwomba mtu ruhusa.

Masharti ya kazi yenyewe yalikuwa magumu. Kontrola haina laini ya simu wala intaneti. Chipu yake ni ya bei ndogo na kumbukumbu yake ni finyu. Saa yake haiaminiki, kwa kuwa betri ikiisha kabisa saa nayo inasimama. Anayeingiza tarakimu anaweza kuwa mtoto wa darasa la pili au bibi asiyeona vizuri, kwa hiyo zisiwe nyingi. Na pamoja na yote hayo, asiyelipa asiweze kujitungia tokeni.

Tuifuate tokeni moja tangu mwanzo. Kiwandani kila kifaa hupewa vitu viwili: funguo ya siri ya biti 128 na namba ya kuanzia yenye tarakimu tisa. Tuseme namba hiyo ni 407318250. Mteja amelipia siku 30. Seva inachukua mkia, yaani tarakimu tatu za mwisho, na kuujumlisha na siku: 250 na 30 ni 280. Jumla ikivuka 999 hutolewa 1,000. Sasa namba ni 407318280. Namba hiyo nzima, pamoja na ile funguo, hupitishwa kwenye SipHash, fomula ya njia moja iliyobuniwa na Jean-Philippe Aumasson na Daniel J. Bernstein mwaka 2012 mahsusi kwa data fupi. Inachanganya biti kwa kujumlisha, kuzungusha na XOR tu, kazi ambazo hata chipu dhaifu inaziweza. Jibu lake la biti 64 hukatwa vipande viwili, vikaunganishwa kuwa kimoja, kisha likapunguzwa hadi litoshe ndani ya tarakimu tisa. Kinachotoka hupitishwa tena, na tena, kulingana na hesabu ya tokeni ambazo kifaa hicho kimekwisha kutolewa. Mwishoni mkia hurudishwa kuwa 280. Ikiwa duru ya mwisho imetoa, kwa mfano, 861590443, mteja atapokea 861590280.

Kontrola inaifuata njia ileile. Inasoma mkia, inatoa 250 yake, inapata 30. Halafu inaanza na 407318280 na kuipitisha kwenye SipHash hatua kwa hatua, kila hatua ikiuliza kama tarakimu sita za mwanzo zimelingana. Zikilingana kwenye hatua iliyo mbele ya ile ya mwisho iliyokubaliwa, tokeni ni halali. Namba ya hatua nayo ina maana: hatua ya witiri huweka upya idadi ya siku, ya shufwa huongeza siku juu ya zilizopo. Aina ya tokeni imepatikana bila kuongeza tarakimu hata moja. Katika mfumo wote, hapo ndipo ninapowavulia kofia waandishi wake.

Idadi ya siku haikufichwa popote. Anayeijua namba ya kuanzia ataisoma kwa kutoa tu. Kilicholindwa ni uwezo wa kuibadilisha. Ukigeuza 280 kuwa 310 ili ujipe siku 60, umebadilisha namba iliyoingia kwenye duru ya kwanza, na tarakimu sita za mbele hazitalingana tena. Auguste Kerckhoffs aliandika tangu 1883 kwamba mfumo wa siri usitegemee kufichwa kwa mbinu bali kufichwa kwa funguo. Solaris walipochapisha kila mstari wa msimbo wao walilitii sharti hilo, na hawakupoteza ulinzi wowote.

Wateja wa LUKU wanaweza kulinganisha na mfumo wanaoujua tangu zamani. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20 na hufuata kiwango cha STS, kilichoanzia Afrika Kusini. Ndani yake kuna muda wa kutolewa, unaohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa 1993 katika nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo inabeba dakika 16,777,216, na zilifika kikomo tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mwaka huo TANESCO iliwatumia wateja makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadili funguo ndani ya mita, la tatu la umeme walionunua. OpenPAYGO Token haibebi tarehe. Inabeba hesabu ya hatua tu. Hakuna siku ambayo visanduku vyote nchini vitahitaji kufanyiwa ukarabati kwa pamoja. Gharama yake ni kwamba seva na kifaa visipoteze hesabu. Wakala akitoa tokeni nyingi ambazo hazikuingizwa, kifaa kitabaki nyuma, na ndipo thamani maalumu ya 999, inayokaa mahali pa idadi ya siku, ilipowekwa ili kukirudisha kwenye mstari.

Thamani ya kawaida inaishia 995. Kama kipimo ni siku, hiyo ni zaidi ya miaka miwili na nusu kwa tokeni moja. Kampuni ikitaka kuuza saa au nusu siku, huweka kigawanyo. Kwa Kyerwa hili lina uzito. Mkulima wa kahawa hapati mshahara wa mwezi, fedha yake hufika kwa msimu. Hakuna sababu ya kiufundi ya kumdai kila wiki, kwa kuwa tokeni moja ya 180 baada ya mavuno inamvusha nusu mwaka. Mpango wa malipo unaomsukuma mtu auze kahawa kwa butura, yaani ingali shambani na kwa bei ya chini, ili taa isizimike umetoka kwa watu wa mauzo. Msimbo haukulazimishi hivyo.

Kuna pia toleo la tarakimu 15 zinazotumia 1, 2, 3 na 4 peke yake. Nne zikizidishwa zenyewe mara 15 ni 1,073,741,824, kwa hiyo nafasi ileile ya tarakimu tisa inaingia humo yote. Kisanduku kinahitaji vitufe vinne badala ya kumi. Mashimo yanapungua, na vumbi na maji vinapata njia chache za kuingia.

Penye udhaifu pasemwe. Tarakimu zisizotabirika ni sita tu. Tuseme kontrola hutazama hatua 64 mbele: kwa mkia wowote, miongoni mwa mianzo milioni moja, 64 hivi itakubalika. Hiyo ni moja katika majaribio 15,625. Mtu mwenye subira akiingiza moja kila sekunde 10, atayamaliza kwa saa 43 hivi. Kwa hiyo fomula peke yake haitoshi. Lazima kontrola imcheleweshe anayekosea, na muda huo uongezeke maradufu. Ukianza na dakika mbili, kosa la kumi linamsubirisha dakika 1,024, zaidi ya saa 17. Ningependa makosa mawili ya kwanza yasamehewe, kwa ajili ya yule bibi.

Adhabu hiyo haina maana kama inafutika betri inapochomolewa. Ni lazima iandikwe kwenye kumbukumbu ya EEPROM pamoja na hesabu ya tokeni na siku zilizobaki, na hapo ndipo mhandisi wa kiwanda anapoweza kuharibu kazi nzuri ya wenzake. Chipu ya ATmega328P, inayofahamika kwa kila aliyejifunza Arduino, imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 kwa kila sehemu ya kumbukumbu hiyo. Draiva ikihifadhi muda uliobaki kila dakika mahali palepale, kikomo hicho kinafikiwa kwa siku 69 tu. Ikihifadhi kila saa, ni zaidi ya miaka 11. Katika hali hiyo mteja ambaye umeme wake umekatika ghafla hupata hadi saa moja ya bure, na sioni kampuni inayoweza kulalamika kwa hilo. Suluhisho zuri zaidi ni kuzungusha mahali pa kuandikia, lakini linahitaji umakini wakati wa kusoma, hasa ikiwa umeme ulikatika katikati ya kuandika. Msimbo huria unasaidia hapa kwa namna ya moja kwa moja: fundi wa Kayanga au mwanafunzi wa Dar es Salaam anaweza kuifungua sehemu hiyo, akaona kosa, akalirekebisha kabla visanduku havijasambazwa.

Hakuna fomula inayomzuia fundi mwenye bisibisi. Anaweza kuipita kontrola na kuunganisha taa kwenye betri moja kwa moja, ila betri hiyo sasa haina wa kuilinda dhidi ya kunyonywa hadi mwisho, na maisha yake yatakuwa mafupi.

Thamani ninayoijali kuliko zote ni 998. Inaambia kontrola kwamba deni limeisha: acha kuhesabu siku, wacha umeme upite moja kwa moja. Mteja aliyemaliza mkopo anaistahili, na kampuni inayofunga virago inapaswa kuitoa kwa wote. Hapa uhuria wa msimbo unafika ukomo. Mbinu iko wazi, lakini funguo za visanduku vya Bugomora ziko kwenye seva ya aliyeviuza, na bila funguo msimbo wote ulio hadharani hautoi tokeni hata moja.

Wapo wanaopendekeza tokeni ya 998 ichapishwe siku ya mauzo na kuhifadhiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Haitafanya kazi. Tokeni hiyo imefungwa kwenye hatua moja ya hesabu. Mteja akishalipa mara kadhaa na kuivuka hatua hiyo, kontrola itaiona ni ya zamani na kuikataa. Ikiwekwa mbali sana mbele, nje ya dirisha la hatua zinazotazamwa, itakataliwa pia. Kinachopaswa kuwekwa kwa mtu wa tatu ni funguo na namba ya kuanzia ya kila kifaa, pamoja na hesabu iliyofikiwa, ikihuishwa kila mwezi. Kipengele hicho kiandikwe kwenye mkataba wa kampuni na mfadhili wake kabla kisanduku cha kwanza hakijapanda lori kwenda Kyerwa.