Anayepita na Anayepakia: Kumsoma Dervla Murphy nikiwa Handeni

Vitabu vya safari za baiskeli vina ugonjwa mmoja: baiskeli hupewa jina, mama aliyetoa maji ya kunywa hapewi. Dervla Murphy, mwandishi wa Ireland aliyefariki Mei 2022 akiwa na miaka 90, baiskeli aliyokwenda nayo India mwaka 1963 aliiita Roz, kifupi cha Rocinante, farasi wa Don Quixote. Alipewa baiskeli na atlasi alipotimiza miaka kumi, akaamua hapo hapo kwamba siku moja atafika India. Mtoto wa miaka kumi huku kwetu naye anajua baiskeli, ila ni ya baba, na anaiendesha kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la juu kwa sababu kiti hakifikii. Akitumwa mashine kusaga, ndiyo India yake.

Kitabu ninachotaka kukisema ni The Ukimwi Road, kilichotoka 1993. Mwaka 1992, mama huyu akiwa na miaka 60, aliendesha baiskeli kutoka Kenya, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia hadi Zimbabwe. Alitaka safari ya kupumzisha akili. Hakuipata, maana kila aliposimama alikuta watu wana jambo moja mdomoni, na jambo hilo ndilo likakalia jalada la kitabu kwa jina lake la Kiswahili.

Nakipenda kitabu hiki, niseme mapema. Mwendo wa baiskeli unakulazimisha kusalimia. Mwenye gari akipita Segera anaona machungwa na vumbi. Mwenye baiskeli anayepandisha kilima anapitwa na watoto wanaotembea kwa miguu, na huwezi kumpita mtu taratibu kiasi hicho bila shikamoo. Murphy anaijua faida hiyo na anaitumia. Anakaa, anakunywa bia na wenyeji, anabishana nao kuhusu misaada na masharti ya wakubwa wa fedha, na hajifanyi mwema. Waandishi wengi wa kundi lake wanahesabu kilomita. Yeye anahesabu wagonjwa. Kumbukeni ilikuwa 1992: wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi hazikuwa zimefika kwa mtu wa kawaida. Aliyeambiwa anao alikuwa ameambiwa afe.

Sasa lawama yangu. Mazungumzo yake mengi ni ya Kiingereza. Kwa hiyo wanaosikika ni mwalimu, muuguzi, mchungaji, mtumishi wa serikali. Watu wazuri, sikatai. Lakini neno "ukimwi" ni neno la redio na la bango la zahanati, limeunganishwa kutoka kwenye upungufu wa kinga mwilini. Mtaani nani alilitamka mbele ya mgonjwa? Watu walisema kakanyaga miwaya. Walisema kaumwa na mdudu, au ana ngoma. Kagera mwanzoni waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuja na biashara ya magendo. Ndani ya maneno hayo mna hofu, kejeli, huruma na umbea, vyote pamoja, na hapo ndipo fasihi ilipokuwa imekaa. Murphy alipita na jina rasmi la ugonjwa. Yale mengine yalibaki vibarazani. Kwa msomaji wa London haidhuru. Kwangu mimi, niliyesikia watu wakizikwa kwa mafumbo, ni kama kusoma barua ya msiba iliyoandikwa na ofisi.

Kuna jambo jingine linanisumbua zaidi. Barabara ya Handeni kwenda Korogwe ni kilomita 65 hivi, siku hizi lami. Ukiamka mapema utakutana na wanaume wameinamia Phoenix zilizobeba magunia ya mkaa, yamefungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, mzigo umempita mwendeshaji kichwa. Kupanda wanasukuma. Kushuka wanaomba Mungu na breki. Akipita Mzungu mwenye mikoba miwili ya plastiki, huyo tunamwita msafiri. Yule wa mkaa anakwenda kazini, basi. Hakuna aliyewahi kumuuliza ameona nini njiani.

Msidhani ni kwa sababu Waswahili hatuandiki safari. Salim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na Mjerumani Bumiller mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia, na habari zake zimo katika Safari za Wasuaheli aliyoichapisha Carl Velten mwaka 1901. Huko ni sisi tunaowatazama wao, baridi yao na nyumba zao, ingawa safari yenyewe ilikuwa ya bwana mwingine. Adam Shafi naye, katika Mbali na Nyumbani, anasimulia alivyotoka Zanzibar akiwa kijana akitaka kufika Ulaya, kupitia Kenya, Uganda na Sudan. Ukimsoma baada ya Murphy unaona tofauti upesi. Murphy akisimama mpakani anasimama kwa saa chache, halafu anaendelea. Kwa kijana wa Shafi mpaka unaweza kuwa mwisho wa kitabu, na ndiyo maana mtu anafungua ukurasa unaofuata kwa wasiwasi wa kweli. Hilo baiskeli haiwezi kumpa mwandishi, hata akipata pancha ishirini.

Kitabu ninachokitafuta kingeanzia kwa fundi baiskeli wa Korogwe, karibu na stendi, anayejua spoku ya nani imekatika na kwa mzigo gani. Kingekuwa na bei ya gunia, na maafisa wa misitu wanaokwepwa alfajiri. Kingekuwa na misiba iliyopitwa njiani bila kusimama kwa sababu mkaa una mteja anayesubiri. Mwenye mswada wa namna hiyo, hata uwe kwenye daftari la shule, aniletee. Nitausoma usiku huo huo.