Kipimo cha malaria hakina kisima

Juma lililopita hapa Kabiria, binti mmoja anayejifunza kazi ya mhudumu wa afya ya jamii aliniletea karatasi ya maelezo ya kipimo cha haraka cha malaria, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. "Prof, hiki kisima kiko wapi?" akaniuliza. Karatasi ilimwagiza atie "tone la damu kwenye kisima cha sampuli", kisha "matone ya bafa kwenye kisima cha pili".

Ndugu msomaji, kisima huchimbwa, watu wakateka maji. Mtafsiri alilitazama neno la Kiingereza, asikitazame kifaa. Kile kijisanduku cha plastiki kina vitundu viwili tu. Kitundu cha damu na kitundu cha kimiminika: nani atapotea hapo?

Kisima kinachekesha, "tone" linadhuru. Vipimo vingi vya aina hii huhitaji mikrolita 5 tu za damu. Mililita moja ya maji hukadiriwa kuwa matone 20, yaani mikrolita 50 kila tone. Basi anayetii karatasi na kudondosha tone zima anaweza kuzidisha damu mara kadhaa. Damu ikizidi, ukanda wa ndani hubaki mwekundu na mistari ya majibu haisomeki vizuri. Ingetosha kuandika: "Vuta damu kwa mrija hadi ifike kwenye alama."

Na "bafa" je? Kutohoa si dhambi. Hata "sampuli" tuliitohoa. Lakini neno lisipofafanuliwa, mtu atadhani ni maji tu. Kimiminika hicho hupasua chembe za damu na kuisafirisha damu kwenye ukanda. Ukitia maji badala yake, kipimo kinaweza kuonyesha malaria pasipo na malaria.

Wapo watakaodai Kiswahili hakiiwezi sayansi. Wapi! TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kilichokosekana hapa si msamiati, ni kumfikiria mtumiaji. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kwa hiyo sentensi mbovu inaweza kumnyima mgonjwa dawa, au kumpa asiyoihitaji.

Tafsiri ya namna hii isichapishwe kabla ya kusomwa na atakayeitumia, kifaa kikiwa mkononi. Binti yule hakungoja: amekifuta "kisima" kwa kalamu, akaandika "kitundu".